Nguruwe wa Mwaka Mpya na Kabichi Chachu ya Pennsylvania

Katika wilaya za kusini-mashariki mwa jimbo la Pennsylvania, Marekani, mlo wa tarehe mosi Januari hujulikana hata kabla jiko halijawashwa. Lancaster, Berks, Lebanon, Lehigh, York: kote huko ni nyama ya nguruwe iliyookwa pamoja na kabichi chachu, ile ambayo Wajerumani huiita Sauerkraut, na pembeni viazi vya kuponda. Makanisa huipika kwa masufuria makubwa. Vikosi vya wazimamoto wa kujitolea huiuza sahani kwa sahani ili kupata fedha za kuendeshea kazi yao. Mgeni akiuliza kwa nini nguruwe, hujibiwa kwamba nguruwe huchimbua ardhi kwa pua akielekea mbele, ilhali kuku hupekua akitupa vumbi nyuma. Basi anayefungua mwaka kwa nguruwe atasonga mbele, na anayeufungua kwa kuku atarudi alikotoka. Na kabichi je? Nyuzi zake ni nyingi na ndefu, nao husema zinaashiria maisha marefu na mfuko usiokauka.

Maelezo hayo wameyarithi kwa bibi na babu zao, nami nayaheshimu. Lakini mlo huu haukuzaliwa na bahati. Ulizaliwa na kalenda ya mkulima anayeogopa majira ya baridi, na ukavushwa bahari na watu waliotolewa kwao kwa moto, kwa baridi na kwa njaa. Bahati ilikuja baadaye, watu walipokwisha kushiba.

Asili yake ni bonde la mto Rhine, hasa nchi ya Pfalz, kusini-magharibi mwa Ujerumani ya leo, pamoja na majirani zake Baden, Württemberg, Alsace na Uswisi. Huko mkulima hupata miezi michache ya joto, kisha ardhi huganda. Anayeishi Lushoto au Limuru, ambako kabichi hutoka shambani karibu mwaka mzima, hana budi kujilazimisha kidogo ili aone hali ilivyokuwa: kuanzia Novemba hadi Machi karibu hakuna jani bichi linaloota. Chochote kitakacholiwa katika miezi hiyo ama kimekaushwa, ama kimetiwa chumvi, ama kimechachushwa. Wahenga wetu walisema akiba haiozi. Wakulima wa Rhine walikuwa na akiba ambayo ilipaswa kuanza kubadilika ili isioze.

Ufundi wa kuhifadhi kabichi ni mkongwe kuliko nchi hizo zote. Warumi waliithamini sana kabichi, na Cato, mwandishi wa karne ya pili kabla ya Kristo, aliisifu katika kitabu chake cha kilimo hadi akaigeuza dawa ya karibu kila ugonjwa. Kuna pia hadithi ipendwayo kwamba wajenzi wa Ukuta Mkuu wa China ndio waliovumbua kabichi chachu na kwamba wapanda farasi wa Kimongolia waliileta Ulaya. Ni hadithi tamu, ila haina ushahidi wa kuishika. Lililo wazi ni kwamba kuchachusha mboga kulijulikana mahali pengi, na kwamba watu wa Ulaya ya kati ndio walioifanya kabichi chachu kuwa chakula cha kila nyumba, ya tajiri na ya maskini.

Kazi yenyewe haina siri. Kabichi huvuliwa majani ya nje, hupasuliwa, kiini hutolewa, kisha hupitishwa juu ya ubao uliopachikwa visu, mfano wa randa ya seremala, nayo hutoka nyuzi nyembamba. Kila kilo ya kabichi hutiwa chumvi ya gramu 20 hadi 25. Hupangwa katika mtungi au pipa, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka hupondwa kwa mchi wa mbao hadi kabichi itoe maji. Hayaongezwi maji mengine. Yale yaliyotoka kwenye kabichi ndiyo yatakayoilinda. Juu huwekwa kifuniko cha mbao kinachoingia ndani ya mtungi, na juu ya kifuniko jiwe zito, ili kabichi izame kabisa isikutane na hewa. Baada ya siku chache mapovu huanza kupanda.

Waliofanya kazi hii kwa karne nyingi hawakuwa na hadubini. Mkemia Louis Pasteur alichapisha utafiti wake juu ya uchachu wa maziwa mnamo 1857 tu, na ni baada ya hapo wanasayansi walipoanza kueleza kinachotokea ndani ya mtungi. Kwenye majani ya kabichi mna bakteria tangu shambani. Chumvi huwazuia wale waharibifu na kuwaachia nafasi wale wanaotengeneza asidi ya laktiki. Huanza Leuconostoc mesenteroides, ambao hutoa hewa ya kaboni dioksidi na kuifukuza oksijeni iliyobaki. Asidi inapozidi, wao hudhoofika, nao Lactobacillus plantarum huichukua kazi na kuimaliza. Kwenye ubaridi wa nyuzi 18 hadi 22 za selsiasi, kazi yote huchukua wiki nne hadi sita. Ukali wa asidi hiyo ndio unaozuia uozo, na kwa kuwa hewa haifiki, sehemu kubwa ya vitamini C ya kabichi hubaki humo kwa miezi. Mama wa Pfalz alijua kwa macho na ulimi kile ambacho maabara ilikuja kukithibitisha: jiwe lisiondolewe, chumvi isipunjwe, na mtungi usikae karibu na moto.

Katika historia ya chakula hiki yumo mwanamke mmoja ambaye habari zake zinastahili nafasi. Elisabeth Charlotte, aliyejulikana kwa jina la Liselotte, alizaliwa Heidelberg mwaka 1652, binti wa mtawala wa Pfalz. Mwaka 1671 aliozwa kwa Philippe, mdogo wa mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, akapelekwa kuishi katika jumba la kifalme lenye meza za kifahari kuliko zote za Ulaya. Hakuzipenda. Katika barua zake, ambazo maelfu yake yamehifadhiwa, anaulalamikia mchuzi wa Kifaransa na kuitamani kabichi chachu ya kwao pamoja na nyama ya nguruwe ya moshi. Binti wa mtawala, aliyezungukwa na wapishi wa mfalme, alikitamani chakula kilekile kilichokuwa katika pipa la mkulima wa Heidelberg.

Jina lake ndilo lililotumika kuiangamiza nchi yake. Kaka yake alipofariki mwaka 1685 bila mtoto, Louis alidai sehemu ya Pfalz kwa niaba ya shemeji yake, ambaye hakuomba kitu hicho. Vita vilianza 1688. Mwaka uliofuata majeshi ya Ufaransa yaliichoma Heidelberg, yakaibomoa Mannheim, yakazitia moto Speyer na Worms, na kuteketeza vijiji kwa makusudi ili adui asikute hata pa kulala. Liselotte aliandika kwa uchungu kwamba nchi yake inaharibiwa kwa jina lake, naye hana uwezo wa kuzuia. Nchi hiyo ilikuwa haijapona hata majeraha ya Vita vya Miaka 30, vilivyokwisha 1648.

Halafu ikaja baridi ya 1709. Mito iliganda, mizabibu ikafa, ndege wakaanguka kutoka hewani. Mkulima aliyekuwa tayari amechoka na kodi na vita aliliona shamba lake jeupe na kimya, akaamua. Mwaka huo watu wapatao 13,000 kutoka Pfalz na jirani zake walishuka mto Rhine hadi Rotterdam na kuvuka kwenda London, wakitumaini kupelekwa Amerika. Serikali ya Uingereza haikuwa imejiandaa. Waliwekwa kwenye mahema nje ya jiji. Wengine walirudishwa, wengine wakapelekwa Ireland, na wapatao 3,000 wakasafirishwa kwenda New York mwaka 1710 kutengeneza lami ya meli kutokana na misonobari. Mpango huo ulishindwa. Baadhi yao walihama tena, na kuanzia 1723 wakafika bonde la Tulpehocken huko Pennsylvania.

Pennsylvania ilikuwa na mvuto wake. William Penn, Mkweka (Quaker) aliyepewa koloni hilo na mfalme Charles wa Pili mwaka 1681, aliruhusu watu waabudu wapendavyo, naye alitangaza habari hiyo hadi Ujerumani. Germantown ilianzishwa 1683 na familia 13 kutoka Krefeld. Wamenoni wa Uswisi walifika Lancaster mwaka 1710. Waamishi walifuata miaka ya 1730. Hata hivyo wengi wa waliokuja hawakuwa wa madhehebu hayo madogo. Walikuwa Walutheri na Wakalvini wa kawaida, wakulima na mafundi. Kuanzia 1727 manahodha walitakiwa kuandikisha majina ya abiria wao Wajerumani huko Philadelphia, na orodha hizo zinaonyesha makumi ya maelfu ya watu hadi mapinduzi ya Marekani yalipoanza.

Safari ilikuwa mbaya. Mwaka 1750 mwalimu na mpiga kinanda aitwaye Gottlieb Mittelberger alisafiri akisindikiza kinanda cha kanisa la Kilutheri la kijiji ambacho leo kinaitwa Trappe. Alirejea kwao 1754 na kuchapisha kitabu mwaka 1756 kuwaonya wenzake wasidanganyike. Anaeleza vituo vya ushuru kwenye Rhine vilivyokula akiba yote ya msafiri, anaeleza abiria waliobanwa humo melini, maji meusi yenye wadudu, biskuti zilizojaa minyoo. Anataja kuhara, homa, na kiseyeye, ule ugonjwa wa fizi kuoza na meno kulegea. Katika meli yake pekee, anasema, watoto 32 walikufa na kutupwa baharini. Waliofika bila nauli waliuzwa kazi: walitumikia miaka kadhaa kulipa deni la safari, na mara nyingi wazazi walilazimika kuwatoa watoto wao.

Kinachonichoma moyo katika ukurasa huo wa kiseyeye ni hiki. Watu wale walikuwa wametoka katika nyumba zenye dawa yake kwenye pipa la jikoni. Hakuna aliyejua kuwa ni dawa. Melini walilishwa nyama ya chumvi na biskuti, kwa sababu ndicho chakula cha meli kilichokuwa rahisi.

Miaka 18 baadaye meli moja ya Uingereza ilipakiwa kabichi chachu kwa wingi na kwa kusudi. Tabibu wa meli James Lind alikwisha kuonyesha mwaka 1747 kwamba machungwa na malimau huponya kiseyeye, lakini idara ya wanamaji ya Uingereza ilikuwa bado ikijaribu vitu vingi kwa pamoja. Nahodha James Cook alipoondoka 1768 na meli ya Endeavour, alipewa ratili 7,860 za kabichi chachu, zaidi ya tani tatu na nusu. Mabaharia wake hawakutaka kuigusa. Cook hakumlazimisha mtu. Aliamuru iwekwe kila siku kwenye meza ya maofisa, na wengine waachiwe wachague. Mabaharia walipoona wakubwa wao wanaila, waliigeuza kuwa chakula cha heshima, hadi ikabidi igawanywe kwa kipimo. Watu wengi wa meli hiyo walikufa baadaye kwa malaria na kuhara baada ya kutia nanga Batavia, Jakarta ya leo, lakini kiseyeye hakikumuua hata mmoja. Wataalamu wa leo wanaona kwamba mboga mbichi alizokuwa Cook akizitafuta kila bandari zilisaidia pengine kuliko kabichi ya pipa. Bado, pipa lilikuwepo pale ambapo bandari haikuwepo.

Wakati Cook akiwa baharini, Wajerumani wa Pennsylvania walikuwa wamekwisha kuota mizizi. Ilipofika 1775 walikuwa yapata theluthi moja ya wakazi wote wa koloni. Wingi wao uliwatia wengine hofu; Benjamin Franklin, mchapishaji wa Philadelphia, aliandika mwaka 1751 akilalamika kwamba wageni hawa wataligeuza koloni la Waingereza kuwa la Kijerumani. Wao waliendelea kulima. Ardhi ya chokaa ya Lancaster ilikuwa bora kuliko ile waliyoiacha, na walijenga maghala makubwa ya mawe na mbao kuliko nyumba walizolala.

Mwaka wa shamba ndio unaoueleza mlo wa Januari kuliko ishara yoyote ya bahati. Kabichi ya kuhifadhi hukatwa baada ya baridi ya kwanza ya Oktoba, ambayo huiongezea utamu. Familia hukaa kuikata na kuiponda, mapipa hujazwa na kuachwa jikoni, mbali na moto, hadi mapovu yatulie, kisha huteremshwa chini kwenye chumba cha akiba. Wiki nne hadi sita tangu mwishoni mwa Oktoba au Novemba hukufikisha Desemba. Nguruwe, ambao tangu majira ya joto walizurura msituni wakila mbegu za mialoni na kumaliziwa kwa mahindi zizini, huchinjwa Novemba na Desemba. Si kabla, kwa kuwa joto lingeiharibu nyama kabla haijashikwa na chumvi. Si baada ya hapo, kwa kuwa kuwalisha katikati ya baridi ni kula mahindi ya familia.

Siku ya kuchinja ilikuwa siku ya ujima. Majirani walifika alfajiri, maji yakachemshwa katika masufuria makubwa ya chuma, nguruwe akamwagiwa na kukwanguliwa manyoya, akatundikwa na kupasuliwa. Hakikutupwa kitu. Mapaja na mbavu za tumbo zililazwa katika chumvi, kisha zikapelekwa kwenye kibanda cha moshi kukaushwa. Mafuta yaliyeyushwa na kutiwa mitungini. Utumbo ulisafishwa kwa soseji. Kichwa na vipande vidogo vilichemshwa na mchuzi wake ukakorogwa na unga wa mahindi ukawa mkate wa nyama wa kukaanga asubuhi. Tumbo lenyewe lilijazwa viazi na soseji, likashonwa na kuokwa. Kabla majirani hawajaondoka, kila mmoja alipewa sehemu ya kupeleka kwake, na mjane au maskini wa kijiji alipelekewa hata kama hakuja kufanya kazi.

Baada ya yote hayo, kilichobaki bila kutiwa chumvi wala moshi ni nyama ya mgongo na mabega, nyama mbichi ya kuliwa sasa. Na chini ya nyumba kuna mapipa ya kabichi ambayo ndiyo kwanza imeiva. Vitu viwili vimefika kwenye utamu wao katika wiki moja ya mwaka, na wiki hiyo ndiyo yenye sikukuu. Kwa maoni yangu hapo ndipo mlo ulipotungwa. Hakuna aliyekaa akauchagua kwa ajili ya bahati. Shamba lilimpa mpishi nyama mbichi na kabichi kali siku zilezile, na asidi ya kabichi ilikata mafuta ya nguruwe kuliko kiungo kingine chochote alichokuwa nacho.

Sikukuu yenyewe nayo ilikuwa na alama ya Wajerumani. Wakweka waliotawala Pennsylvania hawakuadhimisha Krismasi wala siku nyingine takatifu, wakiamini kuwa siku zote ni za Mungu. Na kwa sheria ya Uingereza, hadi 1752 mwaka katika makoloni yake ulianza Machi 25. Wajerumani waliushika usiku wa kuamkia Januari mosi kwa nguvu zote: vijana walipita nyumba hadi nyumba wakisoma salamu za Mwaka Mpya na kufyatua bunduki angani, na mwenye nyumba aliwakaribisha ndani wale na wanywe. Nguruwe kwao alikuwa tayari ishara ya neema. Katika Kijerumani mtu aliyebahatika husemwa kuwa amepata nguruwe, na mwenye nguruwe zizini hakulala njaa.

Chakula hiki kikawa jina la watu. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, askari wa majimbo ya Kusini waliwaita Wajerumani wa Pennsylvania kwa kabichi yao. Juni 24, 1863, siku chache kabla ya mapigano ya Gettysburg, jeshi la jenerali Ewell wa Kusini lilikuwa limeushika mji wa Chambersburg na kuwapa wenyeji orodha ya vitu vinavyotakiwa. Jacob Hoke, mfanyabiashara wa mji huo aliyeandika baadaye historia ya uvamizi ule, ameihifadhi orodha hiyo: chumvi, unga, siki, maharage, viazi, na mapipa 25 ya kabichi chachu. Walikuwa wakitafuta kinga ya kiseyeye kwa askari wao. Kabichi chachu mwezi Juni! Akiba ya mwaka uliopita imekwisha, ya mwaka mpya ingali miche shambani. Wenyeji waliokuwa wakitetemeka kwa hofu walipata la kuwachekesha, kwa kuwa adui alikuwa amefika na mizinga bila kuijua kalenda. Mwaka uliofuata, Julai 30, 1864, jeshi jingine la Kusini lilirudi Chambersburg na kuuchoma mji.

Jaribio gumu zaidi halikuletwa na maadui wa Marekani bali na Wamarekani wenyewe. Nchi ilipoingia Vita Kuu ya Kwanza, Aprili 1917, kila chenye harufu ya Ujerumani kiligeuka kuwa mashaka. Magazeti ya Kijerumani yalifungwa, shule ziliacha kufundisha lugha hiyo, na gavana wa Iowa alipiga marufuku kuzungumza lugha za kigeni hadharani. Aprili 1918 Robert Prager, mhamiaji wa Kijerumani, aliuawa na kundi la watu huko Collinsville, Illinois. Mauzo ya kabichi chachu yalianguka, hata wafanyabiashara wakaomba iitwe "kabichi ya uhuru" ili watu wainunue. Fikiria familia ya Berks, ambayo imekuwa Pennsylvania kwa vizazi sita au saba, yenye kaburi la babu aliyepigana chini ya George Washington, ikila chakula chake cha Mwaka Mpya huku ikijiuliza jirani atasema nini. Waliendelea kukila. Jina la uhuru lilitoweka vita vilipokwisha, na kabichi ikabaki na jina lake.

Tangu wakati huo mlo umewatoka wenyewe na kuwa wa jimbo zima. Waairishi, Waitalia, Wapoland ambao nao walikuja na kabichi chachu yao, na Wamarekani weusi wa Pennsylvania, wote wanaupika Januari mosi. Baltimore, kusini kidogo, wameisogeza kabichi hiyo hadi Sikukuu ya Shukrani ya Novemba na kuiweka kando ya batamzinga. Watu wachache sana siku hizi huchinja nguruwe nyumbani, na wengi hununua kabichi ya mfuko au ya kopo. Hilo mimi nalisikitikia, kwa sababu kabichi ya kopo imepikwa kiwandani na ule uhai wa pipa umekwisha. Ile inayouzwa kwenye jokofu, au ile ya Central Market ya Lancaster, ambayo jengo lake la matofali lilijengwa 1889, ina ladha nyingine kabisa.

Namna ya kupika haijabadilika sana. Huchukuliwa bega la nguruwe lenye mfupa, la kilo mbili au zaidi, hupakwa chumvi na pilipili manga, na hukaangwa pande zote kwenye sufuria nzito hadi liwe la kahawia. Kitunguu hukaangwa katika mafuta yaleyale. Kabichi chachu huonjwa kwanza. Ikiwa kali mno husuuzwa mara moja, ikiwa ya wastani huingizwa na maji yake yote. Tufaha moja au mawili hukatwa humo, na kijiko cha kisibiti, na wengine hutia sukari nguru kidogo. Nyama hulazwa juu ya kabichi, sufuria hufunikwa vizuri, na huingia katika oveni ya nyuzi 160 kwa muda wa saa tatu hadi nne, hadi nyama iachane na mfupa kwa uma. Wapo wanaodondosha madonge ya unga juu ya kabichi dakika 20 za mwisho na kufunika bila kufunua hata mara moja, ili yaive kwa mvuke. Viazi vya kuponda havikosi, na rojo ya matufaha huwekwa pembeni. Anayetumia mgongo badala ya bega apunguze muda, kwa kuwa mgongo hauna mafuta ya kutosha kuvumilia saa nne.

Wasomaji wengi wa Kiswahili hawaigusi nyama hii kwa imani zao, na historia haiwaombi waiguse. Wayahudi wa Alsace na Ujerumani, ambao nao nguruwe ni haramu kwao, walikaa karne nyingi katika vijiji hivyohivyo na kuila kabichi hiyohiyo kwa nyama ya bata bukini au ya ng'ombe. Kwa wapenzi wa kitimoto Tanzania, jambo la kujaribu ni bega lililookwa polepole na kabichi kali mahali pa kachumbari.

Lancaster ya leo imepokea wakimbizi wengi kwa idadi ya watu wake, wakiwemo Wakongo wanaozungumza Kiswahili. Wamefika katika nchi iliyolimwa na watu waliokimbia moto na njaa, na wengine kati yao huuanza mwaka wakikaribishwa sahani hii na majirani au kanisani. Ni vyema waijue ilikotoka.

Na anayetaka kuichachusha mwenyewe asipate shida ya vyombo. Mtungi safi na jiwe lililochemshwa vinatosha. Nyanda za baridi kama Lushoto, Njombe au Limuru zina hewa inayofaa kabisa. Dar es Salaam na Mombasa joto huiharakisha mno na kuilainisha, hivyo ichunguzwe mapema na kuhamishiwa kwenye jokofu inapokuwa chachu ya kutosha. Anayeitaka mezani Januari mosi akate kabichi yake kabla ya katikati ya Novemba.